Tovuti Nayo Inahitaji Kamati ya Matengenezo



Katika ziara zetu za robo hii tumeulizwa swali moja kuliko mengine yote. Kwa nini Idara imeweka fungu la "matengenezo ya tovuti" katika bajeti ya mwaka, ilhali tovuti ipo na inafunguka? Mjumbe mmoja wa kamati alituambia wazi kwamba kwa fedha hizo yeye angenunua mabati. Ni swali la haki, nasi tumeona tulijibu hapa kwa kirefu kidogo ili wote wasome. Sehemu kubwa ya jibu ni makosa yetu wenyewe, hivyo itabidi tuyaeleze pia.

Tuanze na jambo ambalo kila kamati ya maji inalijua. Pampu ya mkono aina ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 kwa lengo la kuwawezesha wanakijiji kubadilisha wenyewe mipira na vipuri vinavyolika, bila kumsubiri fundi kutoka mjini. Hata hivyo sote tumeona pampu nzuri zikisimama, si kwa sababu chuma kimeoza, bali kwa sababu mfuko wa matengenezo haukuchangiwa, au ufunguo wa kufungulia pampu ulikuwa kwa mzee mmoja aliyehama. Siku ya uzinduzi palikuwa na ngoma na picha, na baada ya miaka mitatu ndoo zimerudi mtoni. Tovuti yetu ilipatwa na yaleyale, na kisa chenyewe kilikuwa kilekile: ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja.

Tovuti ni vitu vitatu

Watu wengi huiona tovuti kama kitu kimoja. Kwa kweli ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinaweza kupotea peke yake.

Cha kwanza ni jina, yaani ile anwani ambayo mtu anaiandika ili atufikie. Jina halinunuliwi moja kwa moja, hukodishwa kwa mwaka au kwa miaka kadhaa, na kwa majina ya kimataifa kama yale yanayoishia kwa .org huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 kwa mara moja. Ada yake kwa mwaka mmoja haizidi sana bei ya mifuko mitatu ya saruji. Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana mahali fulani na kuzihifadhi kurasa zetu. Nayo ni pango. Cha tatu ni kurasa zenyewe, pamoja na programu inayozipanga. Hizi ndizo pekee tunazoweza kusema ni mali yetu kabisa, ilimradi tunayo nakala.

Barua pepe za ofisi nazo hutegemea jina lile la kwanza. Jina likipotea, tovuti haifunguki, na barua pepe nazo haziingii. Tena aliyelichukua akitaka anaweza kuzipokea barua zote zinazoletwa kwetu. Hili hatukulijua mpaka lilipotukuta.

Jinsi tulivyolipoteza jina

Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa mwaka 2004 na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyekaa nasi miaka miwili. Wakati ule nyaya za baharini za intaneti zilikuwa hazijafika pwani yetu, maana wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009. Tulikuwa tunatumia satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Kijana yule alifanya kazi njema. Alisajili jina kwa kadi yake ya benki na kwa barua pepe yake binafsi, kwa kuwa ofisini hapakuwa na mtu mwenye kadi ya kulipia kwenye mtandao. Aliporudi kwao mwaka 2006 aliendelea kulilipia kila mwaka kimyakimya, bila kutuomba hata senti. Tulimshukuru kwa barua ya Krismasi na tukalisahau jambo lenyewe.

Katikati ya mwaka 2019 kadi yake iliisha muda. Anwani ile ya barua pepe alikuwa ameacha kuitumia zamani. Kwa mujibu wa taratibu za ICANN, chombo kinachosimamia majina ya mtandao duniani, wakala wa usajili anatakiwa kumkumbusha mwenye jina takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, tena wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kwisha. Jina likishafutwa, bado kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Kwa hiyo si kwamba hatukuonywa. Tulionywa mara tatu, katika sanduku la barua lisilofunguliwa na mtu.

Siku hizo zikapita. Jina likaingia sokoni, likanunuliwa na watu tusiowajua, na baada ya majuma machache anwani iliyochapwa kwenye kila barua yetu, kwenye kalenda na hata ubavuni mwa gari la Idara ikawa inafungua ukurasa wa kamari.

Wa kwanza kuuona ukurasa huo hawakuwa sisi. Walikuwa wahisani wetu wa parokia rafiki huko Ulaya, waliokuwa karibu kutuma nusu ya pili ya fedha za kisima cha kigango kimoja. Mweka hazina wao alitaka kuchukua picha ya kijiji kutoka kwenye tovuti ili awaonyeshe waamini baada ya Misa, akakutana na matangazo ya kubeti. Akatuandikia barua pepe, nayo haikutufikia kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Akaandika mara ya pili, kimya. Kamati yao ikaamua, kwa busara tu, kuzuia fedha mpaka ieleweke Idara imekumbwa na nini. Hatuwalaumu hata kidogo. Sisi tungefanya hivyo hivyo.

Tulipopata kuzungumza kwa simu na kuyaweka mambo sawa, ilikuwa Novemba na mvua zimeanza. Gari lenye mtambo wa kuchimbia haliwezi kupita njia ile wakati wa mvua. Kisima kikachimbwa Juni 2020. Akina mama wa kigango kile walichota maji ya kijito kwa msimu mwingine mzima, kwa sababu ya ada ndogo ya jina ambayo haikulipwa. Tumeona tuliseme hili waziwazi, kwa kuwa huenda wapo waliokuwa wakijiuliza sababu ya ucheleweshaji ule.

Akiba iliyotuokoa

Jina lile hatukulipata tena. Tuliambiwa bei, tukacheka, tukaachana nalo. Tulisajili jina jipya linaloishia kwa .or.tz, ambalo ni kundi la asasi za hapa nchini, kupitia wakala ambaye ofisi yake tunaweza kwenda kwa miguu na kulipa kwa shilingi tukapewa risiti. Kwa asasi kama yetu tunaona hiyo ni faida kubwa kuliko umaarufu wa majina ya kimataifa.

Seva nayo ilikuwa imelipiwa kwa kadi ileile, kwa hiyo kurasa zilikuwa zimefutwa. Nakala ofisini hatukuwa nayo. Kompyuta iliyokuwa nayo ilikwishaharibika, ikauzwa kama chuma chakavu. Kilichotuokoa ni Internet Archive, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996 ili kuhifadhi kumbukumbu za mtandao. Tangu mwaka 2001 imefungua kwa umma huduma ya Wayback Machine, ambamo mtu anaweza kuandika anwani ya zamani na kuona jinsi ukurasa ulivyokuwa miaka iliyopita. Hawakuhifadhi kila kitu, ila taarifa zetu nyingi za miaka ya 2005 hadi 2015 zilikuwemo. Kwa majuma matatu vijana wawili wa ofisi walikaa wakinakili ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuuweka kwenye tovuti mpya. Tulifurahi sana. Katika mkutano wa mwaka tukapiga makofi.

Hatukuzisoma upya. Hilo ndilo kosa letu la pili, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la kwanza.

Mwaka 2022 simu ililia ofisini. Sauti ya msichana: "Shikamoo mama. Mimi ni yule mtoto wa kwenye picha." Dada yetu wa mapokezi hakuelewa. Msichana akaeleza polepole. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Mwenzake wa bwenini alikuwa ameandika jina lake kwenye mtandao, wakitaniana tu, ukafunguka ukurasa wetu. Ulikuwa na picha yake ya mwaka 2007 akiwa na miaka minane, jina lake kamili, jina la kigango chao, na maelezo tuliyoyaandika sisi kuhusu ugonjwa uliowaua wazazi wake na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa anapewa dawa. Sasa bweni zima lilikuwa linajua.

Mwaka 2007 hatukuona ubaya. Habari ile iliandikwa kwa nia njema, iliwagusa wengi, na michango iliyotokana nayo ndiyo iliyowapeleka shule watoto kadhaa, yeye akiwa mmojawapo. Bibi yake alikubali picha ipigwe. Lakini bibi hakuambiwa kwamba picha itaonekana dunia nzima na kwa miaka isiyo na mwisho, wala mtoto wa miaka minane hawezi kuulizwa jambo la namna hiyo. Tena habari hiyo ilikuwa imekwishatoweka mwaka 2019, pamoja na jina lililopotea. Sisi ndio tuliofukua na kuirudisha.

Tuliuondoa ukurasa siku ileile. Kisha tukaomba Internet Archive waondoe nakala yao, jambo ambalo hulikubali kwa maombi yenye sababu. Kwa kuwa jina la zamani halikuwa letu tena, tulilazimika kujieleza zaidi, naye binti akaandika barua yake mwenyewe. Ilichukua majuma kadhaa. Mkurugenzi na Sista anayesimamia malezi ya watoto walisafiri mpaka chuoni kumwomba radhi ana kwa ana. Alichowaambia kitabaki kati yao.

Tangu hapo tumeziondoa habari zote za zamani zilizotaja watoto kwa majina, na tunazisoma moja moja kabla ya kurudisha yoyote. Aidha, ikumbukwe kwamba sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inahesabu taarifa za afya na taarifa za watoto kuwa nyeti, nayo haiwasamehi watu wa dini eti kwa kuwa nia yao ni njema.

Njia tatu za kuitunza

Baada ya hayo tulikaa na kamati ya fedha kutafakari nani atunze tovuti. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni mtu wa kujitolea. Ni njia ya bure, na tumekwisha kueleza mwisho wake.

Ya pili ni kuikabidhi kampuni. Tuliijaribu kwa mwaka mmoja. Kurasa zilipendeza, zikiwa na picha zinazotembea zenyewe juu ya ukurasa, lakini kila tulipotaka kubadilisha namba ya simu ya paroko tulitakiwa kuandika barua, kusubiri na kulipia. Matokeo yake tuliacha kubadilisha. Mapadre watatu walikuwa wamehamishwa na tovuti bado inawataja kwenye parokia za zamani. Picha zile nazo zilikuwa nzito mno. Mkatekista mmoja alituambia kuwa kufungua ukurasa wa mbele kwa simu yake kulimaliza bando lake la siku.

Ya tatu, ambayo ndiyo tunayoifuata, ni ofisi yenyewe kuandika na kubadilisha kurasa kwa programu huria, huku fundi akilipwa kwa mwaka kuangalia mambo ya ndani. Tunatumia WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003. Anayeweza kuandika barua kwenye kompyuta anaweza kuitumia baada ya mafunzo ya siku mbili. Ila isieleweke kwamba kwa kuwa ni ya bure basi haina gharama. Programu inayotumiwa na wengi ndiyo inayowindwa na wadukuzi wengi, na tundu likigunduliwa leo, kesho yake wanapita tovuti moja baada ya nyingine wakitafuta nani hajaziba. Tangu mwaka 2013 WordPress huweza kujipatia yenyewe marekebisho madogo ya usalama. Lakini viongezo, yaani vile vijiprogramu vya pembeni vya kuonyesha kalenda au albamu za picha, vingi huachwa na waliovitengeneza, na humo ndimo wezi hupenda kuingilia. Fundi wetu alikuta viongezo 23. Amebakiza vitano.

Mwenye kuingia kwa siri si lazima aharibu kitu kinachoonekana. Anaweza kubadilisha tarakimu mbili tu za akaunti ya benki kwenye ukurasa wa michango. Kwa sababu hiyo tumeondoa namba za akaunti kwenye tovuti kabisa. Mhisani anayetaka kuchangia anaandikiwa na mhasibu, na tunarudia hapa tuliyowaandikia mwaka jana: Idara haitatangaza kamwe akaunti mpya kwa barua pepe peke yake. Mkipata barua ya namna hiyo, hata ikiwa na nembo yetu na sahihi ya Mkurugenzi, pigeni simu kwanza.

Kuna waliotushauri tuachane na tovuti na kubaki na Facebook na makundi ya WhatsApp. Ni kweli habari za sherehe na misiba zinafika upesi zaidi huko, nasi tumeziacha huko kwa furaha. Lakini taarifa ya fedha ya mwaka 2016 huwezi kuitafuta ndani ya kundi la WhatsApp, na kurasa za kampuni hizo ni nyumba ya mtu mwingine kabisa. GeoCities iliyobeba kurasa za watu wengi sana ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Kwa hiyo tovuti yetu imepunguzwa ikabaki na yanayotakiwa kudumu, yaani taarifa za miradi, hesabu zilizokaguliwa, anwani za parokia, na matoleo ya jarida hili.

Tunavyofanya sasa

Jina limelipiwa kwa miaka mitano mbele, limeandikwa kwa jina la Idara na kwa anwani ya barua pepe ya ofisi, si ya mtu, na tena si anwani inayotegemea jina lenyewe. (Hili la mwisho fundi alilirudia mara tatu mpaka tukaelewa: jina likifungwa, onyo litakuja kwenye barua pepe iliyofungwa pamoja nalo.) Tarehe ya kwisha imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la mhasibu, pamoja na bima ya magari. Maneno ya siri yapo kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, na watu wawili wanaruhusiwa kuifungua.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi mwandishi wa ofisi anachukua nakala ya tovuti nzima kwenye diski mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inakwenda nyumba ya masista, maana nakala inayoungua pamoja na ofisi haina faida. Mara mbili kwa mwaka tunajaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta tupu. Mara ya kwanza ilikataa. Kumbe tulikuwa tunahifadhi picha tu bila maandishi, miezi mitano mfululizo.

Kazi hiyo ya fundi, pamoja na seva na siku mbili za mafunzo kila mwaka, ndilo fungu mliloliona kwenye bajeti. Wahisani wetu wengi wanapenda kuchangia kitu kinachozinduliwa, nasi tunawaelewa. Mwaka huu wawili wamekubali sehemu ya mchango wao iende kwenye matengenezo, tunawashukuru sana.

Tunaloomba kwa parokia

Pamoja na jarida hili kila kamati itapokea fomu za ridhaa ya picha. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili rahisi, na katekista anaweza kuusoma kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Tafadhali msitume tena picha ya mtu anayetambulika bila fomu hiyo. Kwa watoto, hata fomu ikiwepo, hatutaandika jina kamili wala jina la kigango pamoja na picha, na habari za ugonjwa hatutaandika kabisa. Mkituma kwa WhatsApp, andikeni chini ya picha ilipigwa lini na wapi. Upunguzaji wa ukubwa wake tutafanya sisi.

Orodha ya habari za zamani tulizoziondoa ipo kwa makatibu wa dekania. Ikiwa katika parokia yenu yupo mtu aliyetajwa humo, mtafuteni kimyakimya, bila kutangaza kanisani, na mwulizeni kama anataka habari yake irudi au ibaki imefungwa. Wengi sasa ni watu wazima, baadhi wameolewa mbali. Majibu yaletwe kwa mkono, ndani ya bahasha, kabla ya mkutano wa Septemba. Atakayesema hapana hatakiwi kutoa sababu.